Tundu Chini ya Boksi

Singida hupata mvua za mkupuo mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, zinakoma Aprili au Mei, na baada ya hapo ni upepo na vumbi. Sasa itazame kalenda ya watu wanaopenda taa. Uhuru ni tarehe 9 Desemba. Krismasi inafuata, kisha mwaka mpya, na Pasaka nayo huangukia Machi au Aprili kabla mawingu hayajaaga. Nusu mwaka ya ukavu, ambayo kifaa chochote cha umeme kingekaa ukutani bila bughudha, ni wachache wenye haja ya kumetameta. Mara tu ngurumo ya kwanza inaposikika upande wa mbuga za Wembere, mafundi wa Nduguti wanaanza kupanda ngazi na mikanda ya taa mabegani.

Nduguti ni mji mdogo uliopewa kazi kubwa. Mkalama ilimegwa kutoka Iramba ikawa wilaya mwaka 2012, na makao makuu yakawekwa hapa. Ofisi zikaja na watumishi, watumishi wakahitaji vyumba vya kulala, dawa, chipsi na mahali pa kutazamia mpira, na kila aliyefungua biashara akataka jina lake lisomeke usiku. Ndiyo maana ukipita leo saa mbili za usiku unakuta herufi nyekundu zinazokimbia juu ya mlango wa duka la dawa, mkanda wa bluu umezungushwa kibarazani kwa nyumba ya wageni, na majira ya Krismasi nyota ya kanisa inayowaka kwa zamu, rangi baada ya rangi. Mwenge wa Uhuru unapolala wilayani, uwanja wa mkesha huwashwa mpaka alfajiri. (Mwenge wenyewe ni moto na mafuta. Katika taa zote za usiku huo, ni wenyewe tu usio na la kuogopa kutoka kwa umande.)

Nyuma ya kila taa ya namna hii kuna boksi. Ndani yake mna adapta inayoshusha umeme wa volti 230 hadi 12, bodi ndogo inayoamua rangi ipi iwake lini, na maungio ya waya. Taa zenyewe, vile vipunje vya mwanga vilivyozamishwa ndani ya plastiki, hazifi kirahisi. Boksi ndilo linalokufa, na likifa taa zote zinalaumiwa. Zile taa zinazopokeana amri, punje moja ikimpasia mwenzake, zina kifo chao cha pekee: punje moja ikizima, zote zilizo mbele yake zinanyamaza. Ndipo mji unapopata DUKA LA DAWA MUHI, na kwa wiki nzima wateja wanalisoma hivyo hivyo.

Mama mmoja mwenye duka la dawa alimuuliza fundi wake swali ambalo kila mwenye taa huuliza.

"Fundi, safari hii maji hayataingia?"

"Mama, hapo nimeziba mpaka hewa haipiti."

Mama akaridhika, akamlipa. Jibu lile lilikuwa la ukarimu na la kujiamini, na tatizo lote la maboksi ya nje liko ndani yake. Kwa sababu hewa itapita. Hakuna boksi la plastiki ukutani, chini ya jua la Mkalama, ambalo hewa yake haitoki na kuingia. Kwa kuziba huko fundi aliipangia hewa njia tu, na bila kujua aliipangia njia mbaya.

Hesabu yake si ngumu. Saa tisa alasiri mwezi Januari, jua likiwa limepiga boksi jeusi tangu asubuhi, joto la ndani laweza kufika nyuzi 60. Mvua ya ghafla inashuka na kulimwagia maji, na kwa dakika chache tu boksi linarudi nyuzi 20. Hewa iliyomo inasinyaa kwa kiasi cha asilimia 12. Kama boksi limezibwa kweli, kusinyaa huko kunageuka kuwa mvuto, na katika mwinuko wetu huu, unaopita mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, mvuto huo unakaribia ule wa kina cha maji cha mita moja. Wakati huohuo nje ya boksi maji yanatiririka juu ya mpira wa mfuniko, yanajikusanya pale waya unapoingilia, yanalizunguka kila skrubu. Boksi linavuta pumzi, na kilichopo mdomoni mwake ni maji. Upenyo usioonekana kwa jicho unatosha.

Kesho yake jua linarudi, hewa inatanuka, inatoka kupitia upenyo ule ule. Maji hayatoki nayo yote, kwani yameshatulia kwenye kona ya chini. Alasiri mvua nyingine, pumzi nyingine. Pampu hii haina injini na haipumziki, na kadiri boksi linavyozibwa kwa ustadi ndivyo inavyovuta kwa nguvu zaidi kupitia pale palipobaki. Mwenye bodaboda anaijua kazi yake hata kama hajaipa jina: ndiyo inayoufunika kwa ukungu ule mshale wa spidi nyuma ya kioo ambacho hakina ufa.

Watu hujitetea kwa namba. Boksi limeandikwa IP65, au IP67, na muuzaji anagonga namba hiyo kwa kidole kama mtu anayeonyesha muhuri. Namba hizo zina heshima zake. Zinatokana na kiwango cha kimataifa IEC 60529, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1976, ambapo tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na ya pili maji. IP67 maana yake ni kwamba boksi limezamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30 na halikudhurika. Mita moja, kile kile ambacho mvua moja ya alasiri inaweza kulidai. Tofauti ni kwamba maabara inadai mara moja, kwa nusu saa, kwa boksi jipya ambalo mpira wake bado laini. Ukuta wa Nduguti unadai tena na tena kwa miezi mitano, na mpira umeshakaushwa na jua la miezi saba iliyotangulia. Wala namba hiyo haisemi lolote kuhusu mvuke unaojigeuza maji ndani kwa ndani. Sisemi namba ni uongo, ingawa kwa bidhaa za bei ya chini mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuiandika. Nasema inajibu swali ambalo mvua yetu haikuliuliza.

Wanaolijua jambo hili zaidi ya wote ni watu wa umeme mkubwa, na ushahidi wameuning'iniza hadharani. Simama nje ya uzio wa kituo cha kupoza umeme, utazame transfoma kubwa. Juu yake kuna tangi dogo lililolala kama pipa, na kutoka tangi hilo bomba jembamba linashuka hadi kwenye chupa ya kioo iliyojaa chembe za rangi. Ndani ya transfoma mna mafuta. Mchana, watu wakitumia umeme mwingi, mafuta yanapata moto na kutanuka. Usiku yanapoa na kusinyaa. Wahandisi wangeweza kujaribu kuliziba lile dude kubwa la chuma lisitoe wala kuingiza kitu. Walichofanya kwa transfoma hizo ni kukubali kwamba litapumua, kisha wakalipa pua. Hewa inayoingia hupita kwanza kwenye kikombe kidogo cha mafuta kinachonasa vumbi, halafu katikati ya chembe zile, ambazo ni silika jeli, zinazonyonya unyevu. Chembe hizo zilizoea kuwa za bluu zikiwa kavu na waridi zikilowa. Rangi ya bluu ilitokana na kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo siku hizi unaona zaidi za machungwa, ambazo hugeuka kijani. Mkaguzi hahitaji kufungua chochote. Anatazama rangi tu.

Sijui chombo kingine katika fani ya umeme ninachokipenda kuliko chupa ile. Kwenye mtambo wa mamilioni ya shilingi, mtu ameacha njia ya hewa makusudi, akaiweka mahali alipochagua yeye, akaiwekea mlinzi. Fundi wetu wa taa naye anayo njia ya hewa kwenye boksi lake. Hajui tu iko wapi.

Mpaka hapa nimeisema mvua peke yake, na kuilaumu mvua kwa kila kitu ni kuionea. Mwezi wa Juni au Julai, wakati hakuna hata tone lililoanguka kwa wiki kadhaa, amka alfajiri uguse bati la nyumba. Baada ya usiku mtulivu usio na wingu mara nyingi utalikuta limelowa, na ndani ya banda lisilo na dari matone yananing'inia upande wa chini wa bati, yanadondoka juu ya magunia. Bati linatoka jasho, tunasema. Kwa muda mrefu watu wa mataifa mengi waliamini umande huanguka kutoka juu kama mvua nyembamba. Aliyelimaliza jambo hilo ni daktari mmoja, William Charles Wells, mzaliwa wa South Carolina aliyefanya kazi London, katika insha yake ya mwaka 1814. Alitumia vifurushi vidogo vya sufu ya kondoo, akavipima uzito jioni, akaviacha bustanini usiku kucha na kuvipima tena. Aliinua ubao juu ya miguu minne, akaweka kifurushi kimoja juu ya ubao na kingine chini yake. Cha juu kilikusanya umande mwingi kuliko cha chini. Hivyo akaonyesha kwamba kitu kinachoitazama mbingu wazi hupoteza joto lake kuelekea huko, kinapoa kuliko hata hewa inayokizunguka, na mvuke wa hewa hiyo unageuka maji juu yake.

Boksi lililofungwa juu ya paa, au kwenye ukuta usio na ukingo wa bati, ni kile kifurushi cha juu. Mfuniko wake unapoa usiku kuliko kitu kingine chochote kilicho jirani. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kiasi cha gramu 30 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 15 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi. Kinachozidi lazima kishuke mahali, na hushuka kwenye uso wa baridi kuliko zote, yaani upande wa ndani wa mfuniko, juu kabisa ya bodi. Kwa boksi la lita 10 lililofungwa wakati hewa ina nusu ya mvuke inaoweza kubeba, maji yote yaliyomo hayazidi matone matatu. Matatu si kitu. Yanakuwa kitu pale pampu niliyoieleza inapoongeza kidogo kidogo kila siku. Na dawa ya nusu ya tatizo hili iko ndani ya jaribio la Wells lenyewe: kipande cha ubao au bati kikiinuliwa vidole vinne juu ya boksi, kinalikinga na mbingu usiku na jua mchana. Boksi linapoa kidogo na kupata moto kidogo. Pumzi zake zinakuwa fupi. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja, na ndicho ninachokiona kwa nadra zaidi.

Maji yakishaingia yanafanya nini? Umande safi peke yake hauna makali, kwani maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida. Lakini ndani ya boksi hamna usafi. Mna vumbi la Singida lililoingia na pumzi za kiangazi, mna mabaki ya dawa ya kulehemu kwenye bodi, mna alama ya kidole cha fundi mwenyewe, ambayo ni mafuta na chumvi ya jasho. Chumvi ya kawaida ina tabia ya kuvuta maji hewani hadi ikayeyuka yenyewe mara unyevu unapopita asilimia 75, kwa hiyo pale penye chumvi panalowa kabla ya pengine pote. Kisha umeme unaanza kazi. Wengi hudhani volti 12 ni upole. Kwa mwili wa binadamu, ndiyo. Kwa shaba, umeme unaotiririka upande mmoja usiku kucha ni msumeno: upande chanya metali inaliwa na kuacha ule ukoko wa kijani kila fundi anaoujua, na kutoka upande hasi vinaota vinyuzi vya metali, vyembamba kama mizizi ya mche, vikielekea upande wa pili. Vikigusana, ni shoti. Haihitajiki dhoruba. Inahitajika wiki chache za unyevu na subira.

Somo hili lililipiwa ghali kwingine. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo vijana waliotoka Tanganyika, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua za monsuni. Katika vita vile vya Asia na Pasifiki majeshi yaligundua kwamba redio na simu zilizoundwa kwa nchi za baridi zilikuwa zinaoza: ukungu uliota juu ya waya, vihami umeme vikavimba, betri zikafa ghalani kabla hazijafika kwa askari. Jibu la viwanda lilikuwa kupaka vyombo vanishi yenye dawa ya ukungu, bodi na waya pamoja. Vanishi ile ndiyo babu wa rangi angavu inayopakwa leo kwenye bodi za elektroniki zinazokwenda nje. Kopo lake dogo la kupuliza ni uwekezaji wa maana kwa fundi, mradi afunike kwanza soketi na maungio, asije akayapaka nayo yakakosa kugusana.

Kuna kitu kingine kwenye mkoba wa fundi ambacho ningependa kukitoa. Silikoni. Si zote: ile ya bei rahisi, ambayo ukiibinya kwenye bomba lake inanuka siki. Harufu ile si bahati mbaya. Inapokauka inatoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo ikifungiwa ndani ya boksi pamoja na shaba, inaanza kuila siku ya kwanza, kabla hata wingu halijaonekana. Nimeona bodi zenye ukoko wa kijani ndani ya maboksi ambayo hayakuwahi kulowa. Ipo silikoni isiyonuka siki, inayouzwa kwa kazi za umeme, na ndiyo ya kuitafuta hata kama inamaanisha kusubiri gari la Singida mjini. Nayo ipakwe juu na ubavuni tu. Mtu anayepaka silikoni upande wa chini wa boksi amejenga birika.

Vipi vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya? Watu huvitunza na kuvitumbukiza kwenye maboksi, na wazo lenyewe si baya, kwani ni silika ileile ya transfoma. Ila hesabu ina ukali wake. Kipakiti cha gramu tano kinaweza kushika kama gramu moja ya maji na bado kikabaki na faida. Boksi la lita 10 linalovuta lita moja ya hewa ya masika kwa siku linaingiza miligramu 15 hivi. Karatasini ni miezi miwili. Na hapo tumehesabu mvuke tu, tukajifanya hakuna hata tone lililonyonywa kwenye mpira. Msimu una miezi mitano. Zaidi ya hayo, kipakiti kilichotoka kwenye kiatu kilichokaa dukani mwaka mzima tayari kimeshiba unyevu wa duka. Kinaweza kukaushwa upya kwenye joto la karibu nyuzi 120 kwa saa chache, lakini sijamwona anayefanya hivyo kwa ajili ya taa za baa. Kwenye transfoma kuna mtu anayelipwa kutazama rangi. Kwenye boksi lililofungwa skrubu nne hakuna dirisha wala mtazamaji.

Kwa hiyo tunarudi kwenye pua. Yule mama wa duka la dawa, taa zake zilipozima tena, alimwita fundi mwingine, mtu mzima, ambaye alipanda ngazi, akafungua mfuniko, akamwaga maji yaliyojaa nusu kikombe, akashuka kufuata drili.

"Baba, unataka kulitoboa? Nimelinunua kwa sababu halipitishi maji!"

"Na lilipitisha. Ila kuyatoa ndiyo lilikataa." Akanyamaza kidogo. "Mama, kihenge cha nyumbani kwenu kilikaa juu ya nini?"

"Juu ya mawe."

"Na chini yake palikuwa na nini?"

"Hewa."

Fundi hakuona haja ya kuongeza neno. Kihenge cha fito kisichokandikwa hakitegemei kuzibwa. Kina kofia pana ya nyasi juu, kimeinuliwa kutoka ardhini, na ukuta wake wa fito unaruhusu mtama upumue. Fundi yule alitoboa tundu upande wa chini kabisa, pana kama kalamu ya risasi ilivyo nene. Upana huo una sababu: tundu la milimita mbili halifai, kwa kuwa tone la maji hujishikiza humo na kuliziba kama kizibo; ukifika milimita tano au sita linaanguka. Kisha akaing'oa waya iliyokuwa ikiingilia juu, akaipitisha chini, na kabla haijaingia akaiachia ining'inie kama tumbo ili maji yanayofuata waya yadondokee pale na yasiendelee na safari. Bodi akaitoa sakafuni, akaisimamisha wima ubavuni. Alipaka boksi rangi nyeupe. Kwa upande wa volti 230 alihakikisha maungio yote yako juu ya tundu kwa nafasi ya kutosha, maana hapo kosa halizimi taa tu, linaua mtu.

Wapo watakaosema tundu wazi ni ushamba, na kwamba dunia imeshatengeneza kizibo kinachopitisha hewa na kukataa maji. Ni kweli. Mwaka 1969 Robert Gore aligundua kwamba plastiki iitwayo PTFE ikivutwa ghafla inakuwa utando wenye vitundu vidogo kupita kiasi, vinavyoruhusu mvuke na kugomea tone. Makoti ya mvua yakatengenezwa kwa utando huo, na sasa kuna vizibo vya skrubu vyenye utando huohuo kwa ajili ya maboksi na taa za magari. Kwa boksi linalosimama sehemu yenye vumbi jembamba au linaloweza kuoshwa kwa bomba, ningekinunua bila kusita. Lakini kizibo hicho kinatoa mvuke. Maji yaliyokwisha kugeuka maji hakiyatoi. Kikizibwa na tope, boksi linarudi kuwa la kuvuta kwa nguvu kupitia mpira. Tundu la kalamu ya risasi halijui kushindwa kwa namna hiyo, na gharama yake ni mzunguko mmoja wa drili.

Lililonichukua muda kulitambua ni kwamba maboksi mengi hayafi Desemba. Desemba yanawaka. Adapta inayofanya kazi hutoa joto, na nyuzi tano tu juu ya hewa ya nje zinatosha kuzuia umande usitue kwenye bodi. Ndiyo maana makabati makubwa ya umeme yanayokaa nje huwekewa kihita kidogo ambacho kazi yake ni hiyo tu. Maboksi ya taa yanakufa Januari na Februari, sikukuu zikiwa zimepita, swichi imezimwa, ngazi imerudishwa kwa mwenyewe na hakuna aliyekumbuka kushusha kitu. Boksi linabaki ukutani likiwa baridi, katikati ya miezi yenye mvua nyingi, mpaka Pasaka mtu anapowasha na kusikia harufu ya kuungua. Aliyeamua kutolishusha angeiacha adapta iwake hata kama taa zimezimwa. Wati tano usiku na mchana ni uniti 3.6 kwa mwezi. Mwenye duka anayenunua LUKU kidogo kidogo atakuna kichwa, na ana haki. Basi alishushe, alifungue, alikaushe juani siku nzima na kulihifadhi ndani. Kinachoniudhi ni njia ya tatu, ambayo ndiyo inayofuatwa: kuzima na kusahau, kisha kununua jipya.

Na tundu lenyewe lina adui wake. Nyigu wale wajenzi wa udongo hawahitaji ramani. Tundu jipya la milimita sita lililotazama chini, kavu, lenye kivuli, kwao ni nyumba iliyokwisha kuezekwa. Nalo tundu lililozibwa na nyigu ni boksi lililozibwa, tena kwa udongo unaoshika maji. Mijusi wadogo nao hupenda joto la adapta na huishia kulala juu ya maungio, kwa hasara ya pande zote mbili. Kipande cha wavu wa chuma kisichopata kutu, chenye macho ya milimita moja, kikibandikwa kwa ndani, kinawazuia wote. Vumbi la Septemba litajazana kwenye wavu huo. Fundi akipita kwa shughuli nyingine yoyote apande na mswaki mkavu, ausugue pale chini. Dakika moja inatosha.